Mjomba, mpwa na hesabu ya jeni

Tangu mwanabiolojia Edward O. Wilson achapishe kitabu chake Sociobiology mwaka 1975, ubishi kati ya sosiobiolojia (elimu inayoeleza tabia za kijamii kwa mageuko ya viumbe) na sayansi za jamii umejaa tuhuma kuliko hesabu. Naona tutafika mbali zaidi tukishika swali moja: kwa nini katika baadhi ya jamii mwanamume humrithisha mpwa wake, mtoto wa dada, akamwacha mtoto wa mkewe?

Kwa kanuni ya mwanabiolojia William Hamilton ya 1964, msaada hulipa pale ukaribu wa jeni ukizidishwa na faida ya anayesaidiwa unapozidi hasara ya anayesaidia. Ukaribu wa mtoto wako ni 0.5, wa mpwa ni 0.25. Mjomba anapunjika. Wanasosiobiolojia hujibu kwamba mtoto wa mke huenda si wake, ilhali dada ni wa tumbo moja naye bila shaka.

Tupige hesabu. Uwezekano kwamba mume ndiye baba uwe p. Mtoto wa mke ni p/2. Wengi humwachia mpwa 0.25 ile ile, wakapata kwamba anamshinda mtoto p ikishuka chini ya 0.5. Hilo ni kosa, kwa sababu shaka hiyo hiyo inamhusu hata baba yako. Wewe na dada mna uhakika wa mama tu (1/4); upande wa baba ni p²/4. Mpwa ni nusu ya jumla hiyo, yaani (1 + p²)/8, na mpaka wa p ambapo mpwa anamshinda mtoto unashuka hadi 0.268. Ingebidi karibu watoto 3 kati ya 4 wawe wa wanaume wengine! Shaka ya ubaba peke yake haitoshi kabisa.

Marshall Sahlins, mwanaanthropolojia, alidai mwaka 1976 kwamba watu wasiohesabu kwa sehemu kama nusu na robo hawawezi kufuata kanuni hii. Hoja dhaifu: konokono naye hajui hisabati, na gamba lake hujipinda sawasawa. Lakini alipogusa ukoo alikuwa na nguvu. Mtoto wa kaka na mtoto wa dada wote ni 0.25, ila katika ukoo wa kuumeni (unaofuata upande wa baba) wa kaka ni mrithi, wa dada ni wa watu.

Jibu bora nililoliona ni la Clare Holden na Ruth Mace, 2003. Walifuata mti wa lugha za Kibantu, yaani mchoro wa jinsi lugha hizo zilivyotokana, wakakuta jamii zilizoanza kufuga ng'ombe zilielekea kuacha ukoo wa kukeni, ule ambamo mpwa humrithi mjomba. Ng'ombe ni mahari, na mahari humfaa mwana wa kiume kuliko binti. Shamba la jembe halina upendeleo huo.