Mama hanitambui, niende kufanya nini?

Wiki hii nimelisikia tena: "Sista, mama siku hizi hanitambui. Nikienda, nisipoenda, kwake ni sawa tu." Aliyesema anaishi hapa hapa Tabora mjini, safari ya bodaboda. Nimeuguza wazee wenye demensia, ugonjwa wa kusahau, kituoni kwetu kwa miaka, na naona kauli hii inawakosesha wazee wageni kuliko umbali na nauli. Si kweli kwamba kwake ni sawa.

Kumbukumbu haipo sehemu moja kichwani. Alzheimer, ambayo ndiyo chanzo kikubwa cha demensia, kwa kawaida huanza kushambulia hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya: nani alikuja, tumekula nini, leo siku gani. Hisia na mazoea hudumu zaidi. Ndiyo maana bibi asiyejua kama ni asubuhi au jioni, ukimwamkia shikamoo, marahaba inamtoka hapo hapo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwaonyesha wagonjwa 17 wa Alzheimer vipande vya filamu za huzuni na za furaha. Baada ya dakika chache wengi walikuwa wamesahau walichotazama, ila huzuni na furaha vilikuwa bado vimo ndani yao. Tena waliosahau zaidi ndio waliobaki na huzuni kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo mama atasahau kwamba ulikuja, lakini ule utulivu uliomletea utakaa naye, na ukimgombeza, uchungu nao utakaa naye bila yeye kujua umetoka wapi.

Sasa nije kwenye linaloniudhi kuliko yote: mtihani. Ndugu anaingia, hajakaa, simu mkononi, wengine wanarekodi kabisa. "Mama, unanijua? Mimi nani? Hebu nitaje jina." Tazama uso wa mzee wakati huo. Kwanza anacheka kidogo, anasema, "Nakujua sana, si mwanangu wewe." Amejitahidi, amelinda heshima yake. Ndugu haridhiki: "Mwanao yupi?" Hapo macho yanahama, yananitafuta mimi nimsaidie. Kidole kinaanza kusokota pindo la kanga. Halafu ananyamaza, na hatazungumza tena mpaka mgeni aondoke. Mgeni anatoka nje akisema, "Umeona sista? Hanijui." Mama amefedheheshwa mbele ya watu, na hilo limetajwa kuwa ni ugonjwa.

Usimuulize, jitambulishe. Mwendee kwa mbele akuone, vuta kiti ukae, macho yenu yalingane, kisha sema: "Shikamoo mama. Ni mimi Juma, mwanao wa pili, nimetokea Isevya." Umempa jina, nafasi yako na unakotoka, hana cha kubahatisha. Baada ya hapo usiogope kimya. Mpake mafuta mikononi, chambueni mchicha pamoja, mchane nywele. Akikuita kwa jina la kaka yake, itika. Mara nyingi hajakosea sana: sura ni ile ile ya ukoo, amekosea miaka tu.

Lugha nayo watu hawaifikirii. Kwa wazee wetu wengi Kiswahili kilikuja baada ya Kinyamwezi, na demensia inapoendelea, lugha iliyokuja baadaye mara nyingi ndiyo inayotangulia kupotea. Mjukuu aliyekulia Dar es Salaam anadhani bibi anaropoka, kumbe bibi anaongea vizuri kabisa, ni yeye asiyesikia. Njoo na shangazi. Nimewaona wazee waliokaa kimya wiki nzima wakiinua kichwa kwa "mwangaluka" moja tu, salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi.

Mengine nayapitia haraka. Njoo asubuhi baada ya uji, maana jioni wengi huchanganyikiwa na kuhangaika. Matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ni magumu kwa mzee anayepaliwa, tuulize kwanza. Asali yetu ni nzuri, lakini kama ana sukari usimwachie chupa. Asiyekutambua huenda hakuoni: mtoto wa jicho upo na unatibika. Wengine hawasikii. Na kama juzi alikuwa anakujua na leo ghafla hajui hata alipo, usiseme ni uzee. Inaweza kuwa maambukizi ya mkojo, malaria, kukosa maji mwilini au dawa mpya, na anatakiwa amwone daktari siku hiyo hiyo.

Liko jambo ambalo sina jibu lake. Mama anauliza mumewe atarudi saa ngapi, na mzee alishazikwa zamani. Tumefundishwa tusimwambie ukweli kila mara, kwa sababu kila akisikia anafiwa upya, bali tumgeuzie mazungumzo kwa upole: alikuwa mtu wa namna gani, alikuwa anapenda kula nini. Nafanya hivyo, na mara nyingi anatulia. Ila wapo wanaonishika mkono na kuniuliza kwa macho makavu, "Amekufa, sivyo?" Hao nawajibu ndiyo, nakaa nao. Kama huwa ninachagua sawasawa nani wa kumwambia, sijui.

Wengine, nadhani, hawaji kwa aibu. Sera ya Taifa ya Wazee inataka mzee atunzwe kwanza na familia, na mtaani watu wanasema mengi kuhusu mtoto aliyempeleka mama yake kituoni. Sitakuhukumu kwa kumleta. Kumnyanyua, kumgeuza na kumwosha mtu mzima usiku na mchana ni kazi inayovunja mgongo. Wewe njoo.

Na akilia unapoondoka, usitoroke kwa mlango wa nyuma. Panga kuondoka wakati chakula kinaletwa, muage, mwambie nani anabaki naye, nikabidhi mkono wake. Ukifika nyumbani nipigie uulize hali yake. Mara nyingi nitakuambia anakula.