Mumiani hayumo kichupani

Hapa Malindi ukitaja maabara mbele ya watu wazima, swali la kwanza ni damu imetoka wapi. Juzi nilikuwa dikoni nasubiri samaki, kijana mmoja anayesoma chuo akanionyesha kwenye simu picha ya kichupa: protini ya kipokezi cha kinga, ya kutumiwa na watafiti. Mzee aliyekuwa akipima changu akadakia, "Mwalimu, hiyo si ndiyo kazi ya mumiani?" Watu wakacheka, ila si wote.

Damu haimo. Kipokezi ni protini inayokaa kwenye utando wa seli ya kinga na kunasa habari za nje: adui ameingia, au hapa pametulia, usishambulie. Mtafiti akiitaka kwa wingi hamkamui mtu. Hunakili jeni lake, yaani maagizo ya kuitengeneza, akalitia ndani ya seli zinazolelewa maabarani, nazo zikafanya kazi ya kiwanda. Seli zinazopendwa ni za ovari ya hamsta wa China, zilizoanza kulelewa mwaka 1957. Nyingine huitwa HEK293, na hapa mwenye shaka ana punje ya haki: asili yake ni figo la kijusi cha binadamu, Uholanzi, mwaka 1973. Tangu hapo zimekuwa zikijigawa zenyewe, hazidai mtu mwingine. Hata hamira hutumika. Protini ya chanjo ya homa ya ini aina ya B, wanayochomwa watoto wetu kliniki, hutengenezwa na hamira, ndugu wa damu wa hii inayoumua mahamri yako ya asubuhi.

Wengine hudhani kipokezi na kingamwili ni kitu kimoja. Kingamwili, protini inayonasa vimelea, huachiliwa na seli ikazunguka damuni. Kipokezi hubaki kimepachikwa kwenye seli yake. Ndivyo ninavyofundisha darasani, na mwaka mmoja baada ya mwingine huwa nasita kidogo nikifika hapo, kwa sababu ya jambo lililogunduliwa kwa watu wa kaunti hii hii ya Kilifi.

Mwaka 2016 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa watu wazima wanaoishi penye malaria. Baadhi yao walikutwa na kingamwili zilizobeba tumboni kipande cha kipokezi kiitwacho LAIR1, chenye asidi amino (punje zinazounda protini) 100 hivi. Jeni la LAIR1 liko kwenye kromosomu (kifurushi cha jeni) ya 19, na la mnyororo mzito, moja ya sehemu zinazoiunda kingamwili, liko kwenye ya 14, lakini kipande kilihama kikajichomeka katikati ya lile la pili. Kwa kawaida LAIR1 hushikana na kolajeni, protini inayoshikilia ngozi na mifupa, na kuituliza seli ya kinga. Kimelea cha malaria nacho hutandaza protini ziitwazo RIFIN juu ya chembe nyekundu ya damu alimojificha, na baadhi yake hushika LAIR1, kana kwamba anamziba askari mdomo. Mwili wa hao watu uliigeuza hila: kipande kilichohama kilibadilika, kikaachana na kolajeni, kikang'ang'ania RIFIN. Kingamwili zao zikawatambua vimelea wa aina nyingi.

Maswali kama hayo, nani anashikana na nani na kwa nguvu gani, ndiyo kazi ya kile kichupa. Na mara nyingi kipokezi kizima hakimo. Huwekwa sehemu ya nje tu, kwa kuwa ile inayozama kwenye utando ina mafuta-mafuta na haikubali kuyeyuka majini.

Si dawa. Insulini hutengenezwa kwa ufundi huo huo na iliruhusiwa Marekani tangu 1982, lakini hiyo ilipimwa kwa wagonjwa. Kichupa cha utafiti hakikupimwa hivyo. Asijichome mtu eti apandishe kinga.

Wanafunzi nao wana lao: lebo ikisema usafi ni asilimia 95, basi inafanya kazi. Usafi haumaanishi protini imejikunja sawasawa. Bakteria *E. coli*, nayo hutumika kama kiwanda, haivishi protini sukari zile ambazo seli zetu huzivisha, na bila sukari hizo baadhi ya vipokezi hupoteza umbo. Tena huacha endotoksini, mabaki ya ukuta wake. Kiasi kidogo tu huamsha seli za kinga kupitia kipokezi kingine, TLR4, na mtafiti akashangilia matokeo ya uchafu.

Mzee alikuwa amenisikiliza kwa hisani tu mpaka nilipofika kwenye friza. Kijana alisema protini ikishagandishwa imesalimika. Hapana: kila ikiyeyushwa na kugandishwa upya, baadhi yake hukunjuka na kugandamana, ndiyo maana hugawanywa mapema kwenye vijichupa vidogo, kila kimoja kiyeyushwe mara moja.

"Kumbe kama changu," mzee akasema. "Akishayeyuka ukamrudisha barafuni, nyama inamumunyika. Mnunuzi anajua kabla hajamnusa." Kisha akauliza kichupa kimoja kina uzito gani. Nikamwambia labda mikrogramu 50. Vichupa 20,000 ndiyo gramu moja. Akaitazama mizani yake, akaendelea kupima.