Je, wajua kwa nini nyumba yenye mshahara mmoja hukatwa kodi kubwa kuliko yenye mishahara miwili?

Chukua nyumba mbili zilizopakana mjini Leicester, Uingereza, kila moja ikiwa na watoto wawili wadogo. Katika ya kwanza baba anapata pauni 60,000 kwa mwaka na mama yuko nyumbani analea. Katika ya pili wazazi wote wawili wameajiriwa, kila mmoja kwa pauni 30,000. Mapato ni yaleyale, lakini kodi si ileile.

Tupige hesabu kwa viwango vya mwaka wa kodi wa 2025/26. Pauni 12,570 za kwanza za kila mtu hazitozwi kodi ya mapato. Zinazofuata, hadi kufikia 50,270, hukatwa asilimia 20, na zinazozidi hapo asilimia 40. Kwa hiyo baba wa nyumba ya kwanza analipa kodi ya pauni 11,432. Mchango wake wa Bima ya Taifa (National Insurance, makato ya mshahara yanayohesabiwa kwenye pensheni ya serikali) ni asilimia 8 kwa fungu la kati na asilimia 2 kwa la juu, yaani pauni 3,210 hivi. Jumla 14,642. Nyumba ya pili, kila mzazi hukatwa kodi 3,486 na bima 1,394, kwa hiyo wote wawili wanatoa 9,760. Tofauti ni takriban pauni 4,880 kwa mwaka, zaidi ya 400 kila mwezi.

Kinachosababisha haya ni kwamba tangu Aprili 1990 Uingereza inamtoza kodi mtu mmoja mmoja, haiangalii nyumba. Zile pauni 12,570 za mama asiye na mshahara hazina mapato ya kuyakinga, basi zinapotea. Wanandoa wanaruhusiwa kuhamisha 1,260 tu kati ya hizo, jambo linalopunguza kodi kwa pauni 252, na ni pale tu mwenye mshahara anapokuwa kwenye kiwango cha asilimia 20. Baba wetu amevuka kiwango hicho, kwa hiyo hapati hata hizo.

Hata hivyo, mageuzi ya 1990 yalikuwa na haki yake. Kabla ya hapo mapato ya mke yalihesabiwa kuwa ya mume mbele ya sheria ya kodi, na mume ndiye aliyejaza hesabu za wote wawili. Mwanamke hakuwa na siri ya mshahara wake. Kurudi huko kungekuwa kosa.

Tatizo ni kwamba serikali haina kipimo kimoja. Ikija kuchukua humhesabu mtu. Ikija kutoa huhesabu nyumba nzima. Huko England, sehemu ya Uingereza ulipo mji wa Leicester, saa 30 kwa wiki za malezi ya chekechea yanayolipiwa na serikali, kwa wiki 38 za mwaka, hutolewa kuanzia mtoto akiwa na miezi 9, lakini kwa sharti kwamba wazazi wote wawili wawe kazini. Mmoja akibaki nyumbani, haki hiyo inakufa, na wanasubiri mtoto afike miaka 3 wapate saa 15 ambazo kila mtoto anapewa. Posho ya watoto, Child Benefit, hutolewa kwa kila familia inayodai, kisha hunyang'anywa kwa njia ya kodi, na hapo tena anaangaliwa mtu: mzazi mmoja akipata 80,000 inarudishwa yote, ilhali wawili wenye 60,000 kila mmoja, jumla 120,000, wanaibakiza yote.

Je, walipakodi wamfidie anayebaki nyumbani? Hoja nzito ya kupinga ni hii: kazi ya malezi nyumbani ina thamani, nayo haitozwi kodi. Nyumba ya pili inatafuta mlezi na kumlipa kwa fedha ambazo zimeshakatwa kodi. Hoja hiyo ni ya kweli, ila inapungua nguvu pale chekechea yenyewe inapolipiwa na walipakodi walewale.

Ujerumani hujumlisha mapato ya wanandoa, huyagawa mara mbili, hupiga kodi ya nusu, kisha huizidisha mara mbili. Mwenye mshahara mmoja anapata nafuu kubwa, lakini hata wasio na mtoto huipata, na mke akitaka kurudi kazini, euro yake ya kwanza inatozwa kwa kiwango kilichopandishwa na mshahara wa mumewe. Nchi hiyo ilijaribu pia posho ya moja kwa moja, euro 100 kwa mwezi mwaka 2013 na baadaye 150. Mahakama ya Katiba ikaifuta Julai 2015 kwa kuwa serikali kuu haikuwa na mamlaka ya kuitunga. Norway hutoa kroner 7,500 kwa mwezi kwa mtoto wa mwaka mmoja asiyetumia chekechea yenye ruzuku. Njia hii ni bora kuliko ile ya Ujerumani ya kugawa mapato ya wanandoa, kwa sababu fedha inamfuata mtoto badala ya cheti cha ndoa.

Linaloumiza wengi polepole ni pensheni. Pensheni kamili ya serikali ya Uingereza hudai miaka 35 ya michango, na chini ya miaka 10 hupati kitu. Mzazi anayedai posho ya watoto huandikiwa mwaka wa mchango bure hadi mtoto afike miaka 12, ila huandikiwa yule ambaye jina lake liko kwenye fomu. Kosa la kawaida ni baba mwenye kazi kuijaza kwa jina lake. Kosa la pili ni kuacha kabisa kuijaza kwa kuwa mshahara umepita 80,000. Ijazwe kwa jina la anayelea, kisha achague kutopokea fedha. Miaka yake itahesabiwa. Mwenye viza inayomzuia kutumia fedha za umma asiiguse kabla ya kupata ushauri, maana kudai kunaweza kuvunja masharti ya viza.

Na kama wazazi wote wako kazini na bibi anayeishi Uingereza ndiye anayelea, mzazi anaweza kumhamishia bibi mwaka huo wa mchango, mradi bibi hajafika umri wa pensheni. Fomu ni CA9176. Huombwa kuanzia 31 Oktoba baada ya mwaka wa kodi kuisha, na kila dai la posho lina mwaka mmoja tu wa kuhamisha, hata wajukuu wakiwa watatu.