Mbolea ikipanda, kwa nini tunauliza Rais kazaliwa wapi?

Msimu wa 2021/22 mkulima wa viazi wa Isyonje, mkoani Mbeya, alinunua mfuko wa mbolea ya DAP wa kilo 50 kwa zaidi ya shilingi 100,000. Akivuna, dalali anamletea gunia la lumbesa, lile linalotiwa kilemba juu na kufungwa kamba likiwa limetuna, kisha analipwa bei ya gunia moja. Mtu huyu ana kila haki ya kukasirika. Sisi tunaofundisha sosholojia tunajiuliza hasira hiyo inamwendea nani.

Mbolea ilipanda kwa sababu za mbali: gesi inayotumika kutengeneza mbolea kama urea ilipanda bei duniani, na Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine. Huwezi kugombana na bei ya gesi. Dalali unamfahamu, lakini msimu ujao utamhitaji. Anabaki kiongozi, ambaye unamwona kwenye taarifa ya habari kila saa mbili usiku, na ukimsema hakunyimi soko.

Hadi hapo hakuna ubaya. Kuilaumu serikali ni sehemu ya siasa, na mara nyingi serikali inastahili. Mambo hubadilika pale kiongozi anapokuwa na kitu kinachomtofautisha na walio wengi: rangi, kabila, dini, upande wa Muungano, hata kijiji walikotoka wazazi wake. Lile lalamiko la "mbolea ni ghali" linageuka kuwa "huyu si mwenzetu". Lalamiko la kwanza linajibika, kwa mfano kwa ruzuku kama ile iliyozinduliwa hapahapa Mbeya, viwanja vya John Mwakangale, Nane Nane ya 2022. La pili halijibiki. Hakuna bajeti inayoweza kubadili mahali mtu alipozaliwa.

Mfano ulio wazi zaidi uko ng'ambo ya Tunduma. Kenneth Kaunda alizaliwa Chinsali, kaskazini mwa Zambia, na wazazi waliotoka Nyasaland, Malawi ya leo. Aliongoza tangu uhuru wa 1964 na asili yake haikuwa siri. Shaba ikaporomoka bei katikati ya miaka ya 1970, nchi ikazama kwenye madeni, na Juni 1990 bei ya unga ilipopandishwa watu wakaingia barabarani. Mwaka uliofuata akashindwa uchaguzi. Walioandamana Lusaka walidai unga. Habari ya Nyasaland haikuwa ajenda yao. Ililetwa baadaye na wanasiasa waliokuwa madarakani, pale maisha yalipobaki magumu na mzee akaonekana anaweza kurudi. Katiba ikarekebishwa mwaka 1996 ili mgombea urais awe na wazazi wote wawili Wazambia, na mwaka 1999 mahakama ikamtamka kuwa si raia, yeye aliyeongoza nchi hiyo miaka 27. Uamuzi huo haukudumu, lakini ulikwishafanya kazi yake.

Marekani nayo ina kisa chake. Barack Obama, Rais wa kwanza mweusi wa nchi hiyo, aliingia Januari 2009 uchumi ukiwa umeanguka. Oktoba mwaka huo watu 10 katika kila 100 wa nguvu kazi hawakuwa na ajira. Uvumi kwamba hakuzaliwa Marekani, uliozuka tangu kampeni za 2008, ukakua hadi Aprili 2011 akatoa hadharani cheti kirefu cha kuzaliwa kwake Honolulu. Watafiti waliochunguza wapiga kura waliona kwamba ukata peke yake hautoshi kueleza chuki ile: wenye kinyongo na watu weusi ndio walioelekea zaidi kuamini uvumi huo. Isitoshe, anayemchukia kiongozi huuona uchumi mbaya kuliko ulivyo. Baada ya uchaguzi wa 2016 wafuasi wa vyama viwili vikuu walibadilishana maoni kuhusu uchumi ndani ya wiki chache, hata kabla Rais mpya hajaapishwa. Kwa hiyo msemo wetu kwamba njaa ndiyo inayoleta chuki ni nusu ya ukweli.

Kwetu mjadala huu ni wa zamani. Mwaka 1961 kulikuwa na wabunge waliotaka uraia uwe wa Waafrika tu, na Nyerere akawapinga vikali. Miaka ya 1990, mashirika ya umma yakibinafsishwa na wafanyakazi wakipunguzwa, Mchungaji Christopher Mtikila, mtu wa Ludewa, alijaza viwanja kwa hotuba za walalahoi dhidi ya magabacholi, jina la kejeli kwa wafanyabiashara wenye asili ya Asia. Kuuliza nani ananufaika na mali ya umma lilikuwa swali halali, na kwa maoni yangu lilidhoofika pale lilipobandikwa kwenye rangi ya ngozi.

Agosti 2023 Mahakama Kuu hapa Mbeya iliamua kesi ya wananchi waliopinga makubaliano ya bandari kati ya Tanzania na Dubai. Walisimamia vifungu vya makubaliano hayo na Katiba. Walishindwa, ila hoja zao zilisikilizwa moja moja na kujibiwa. Vijiweni, wakati huohuo, kuna waliotosheka na kusema kwamba Rais na waziri mhusika wote ni Wazanzibari. Jaribio tunalowapa wanafunzi ni hili: weka mtu wa kwenu katika nafasi ileile, asaini karatasi ileile. Lalamiko lako bado limesimama?

Kama limesimama, lipeleke. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Hapo ndipo pa kuuliza kwa nini wakala wa mbolea ya ruzuku yuko mjini tu, na lumbesa inapitaje kwenye geti la ushuru wakati sheria ya vipimo inaikataza.