Pumzi za Watu Wawili: Jioni ya Aria kwa Piano Moja

Baada ya tumbuizo moja la aria katika ukumbi mdogo hapa Nairobi, mzee aliyeimba besi kanisani kwa miaka mingi alinisogelea nikikusanya karatasi zangu za noti, akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, mbona yule binti ameimba nyimbo mbili tu kisha akatoka kupumzika, nasi wanakwaya husimama ibada nzima?" Nilimjibu kwa sentensi moja, kwa kuwa mlinzi alikuwa ameshaanza kuzima taa. Swali lake lilistahili zaidi ya hapo, na kwa kuwa kazi yangu ni kuwasindikiza waimbaji kwa piano, nitalijibu hapa kwa kituo.

Opera ni tamthilia inayoimbwa, na aria ni pale mhusika anapobaki na moyo wake, mwendo wa hadithi ukasimama ili aueleze. Mtunzi anayeijua kazi yake humwachia mwimbaji nafasi ya kupumua kati ya aria moja na nyingine: wahusika wengine huingia, kwaya huimba, okestra hupiga peke yake. Mfano ninaoupenda ni Malkia wa Usiku katika Die Zauberflöte ya Mozart, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Vienna tarehe 30 Septemba 1791. Malkia huyo ana aria mbili tu na kipande kifupi karibu na mwisho. Muda uliobaki hukaa chumba cha kuvalia. Lakini aria zote mbili humpandisha hadi F ya juu kabisa, ambayo soprano wengi, yaani waimbaji wa kike wa sauti ya juu, hawaifikii maishani mwao. Ukizichomoa na kuzipanga katika jioni moja pamoja na zile za Waitaliano Verdi na Puccini, umechukua milima ukaacha mabonde. Ndiyo sababu tunawapishanisha waimbaji wawili au watatu, na mimi hukataa katakata kuweka aria mbili za namna hiyo mfululizo, hata mwimbaji ajiamini vipi. Wala hatuwezi kumpunguzia mzigo kwa kushusha ufunguo, yaani kuuhamishia wimbo wote kwenye noti za chini zaidi: nyimbo za kawaida za ukumbini hushushwa bila aibu, ila aria, kwa desturi, huimbwa pale mtunzi alipoiandika.

Kisha kuna suala la kipaza sauti, ambacho hatukitumii. Mtafiti wa Uswidi, Johan Sundberg, alieleza kwamba sauti ya opera iliyofunzwa vizuri, hasa ya tenori, baritoni na besi, hukusanya nguvu nyingi karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde, ilhali nguvu kubwa ya okestra iko chini zaidi, karibu na mitetemo 500. Kwa hiyo mwimbaji hashindani na okestra kwa kupiga kelele. Hupita kwenye upenyo ambao okestra haikuuziba. Wengi wa waimbaji wetu wamelelewa na kwaya za makanisa na mashindano ya Tamasha la Muziki la Kenya, ambako walisifiwa kwa kuziyeyusha sauti zao ndani ya sauti za wenzao. Mwalimu wa opera huwadai kinyume chake, na nimewaona wanafunzi wakiona haya kwa miezi kadhaa, kana kwamba kusikika peke yako ni utovu wa adabu.

Soprano ana shida yake mwenyewe. Anapoifikia C ya juu, ambayo ni takriban mitetemo 1,046 kwa sekunde, sauti imeshapita mahali ambapo sikio hutofautishia irabu, basi i, a na u huanza kufanana. Msikilizaji anayelalamika kwamba hakushika maneno pale kileleni hana kosa, na mwimbaji pia hana. Tena Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari: mwimbaji aliyepanda jana kutoka Mombasa huweza kuona pumzi ikimwishia kabla ya sentensi ya muziki kwisha.

Upande wa lugha tuna bahati. Kiswahili na Kiitaliano hupenda silabi zinazoishia kwa irabu wazi, na mkazo mara nyingi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo kinywa cha Mswahili huingia kwenye Puccini bila taabu kubwa. Kinachotuponza ni konsonanti mbili mbili. Neno babbino, yaani baba, hutoka babino, na mahali ambapo midomo ilipaswa kukawia kidogo hupotea, na uzito wa neno nao hupotea.

Neno hilo linatoka katika aria ninayoombwa kila msimu wa harusi, O mio babbino caro ya opera ya Puccini, Gianni Schicchi, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza New York mwaka 1918. Wengi huisikia kama sala. Kwa kweli ni msichana Lauretta anayemtishia baba yake kwamba asipomwachia aolewe na mpenzi wake atajitupa katika mto Arno, na opera yenyewe ni kichekesho cha watu wanaogombania urithi. Huwa naipiga kwa furaha, na maharusi siwaambii neno.

Mimi nami, pale kwenye piano, nimeshika nafasi ya okestra nzima. Katika Una furtiva lagrima ya Donizetti, kutoka opera ya mwaka 1832, wimbo hufunguliwa na fagoti, ala ndefu ya mbao yenye sauti ya huzuni, huku kinubi na nyuzi za kudonolewa zikiishikia chini. Fagoti huweza kuivuta noti moja na kuikuza. Noti ya piano huanza kufa mara tu nyundo inapoigusa waya. Kwa hiyo naidanganya hadhira: mkono wa kushoto naushusha uwe mwepesi sana, kila noti ya wimbo naianza kwa kadiri ile iliyotangulia ilivyofifia, na kanyagio nalibadilisha kwa sikio, bila kufuata alama zilizochapishwa. Tenori anapoingia siangalii tena karatasi; naziangalia mbavu zake. Zikitanuka taratibu, sentensi itakuwa ndefu nami nitamngoja. Zikitanuka ghafla, najua hewa imempungukia, nami nausogeza mdundo kidogo, avuke kabla hadhira haijatambua.

Mzee wangu wa besi akija tena, nitamwekea kiti upande wa kushoto wa ukumbi. Wengi hupenda kukaa katikati, lakini kutoka kushoto mikono ya mpiga piano na mbavu za mwimbaji huonekana kwa pamoja.