Kutoka Mji wa Pwani Asubuhi, Kurudi Jioni: Hesabu Huanzia Nyuma

Wengi wakipanga safari ya siku moja huuliza kwanza "twende wapi?" kisha "tutoke saa ngapi?" Mimi huanza na swali ambalo kwa kawaida huulizwa jioni, watu wakiwa wameshachoka na viatu vimejaa mchanga: tunarudije?

Chukua ramani, chora duara, mji ukiwa katikati. Mji wa bara una njia pande zote. Mji wa pwani una nusu ya duara tu, nusu nyingine ni maji. Magari yote ya Jumamosi yanabanana katika nusu hiyo, na mara nyingi katika barabara mbili au tatu, daraja moja, au kivuko kimoja. Asubuhi hali si mbaya, kwa sababu watu hawatoki pamoja: huyu katoka saa kumi na mbili, yule kaamka saa nne. Jioni ndipo njia inapoziba, maana jua likishainama wote wanageuka kwa wakati mmoja.

Pwani pia hudanganya macho. Ng'ambo ya ghuba unaiona, pengine ni kilomita nane, lakini kwa gari ni hamsini na zaidi. Mito ikikaribia bahari hupanuka, na barabara hulazimika kuzunguka bara kutafuta mahali pa kujengea daraja. Basi usipime kwa rula. Pima kwa njia, na uhesabu mwendo wa kweli: barabara ya njia mbili inayopita vijijini na sokoni itakupa wastani wa kilomita 50 kwa saa, hata kama kibao kinaruhusu 80 au 100. Kipimo changu ni kwamba muda wa njiani, kwenda na kurudi, usizidi theluthi ya saa za mwanga. Penye mwanga wa saa 12, hizo ni saa mbili kwenda na mbili kurudi, yaani kilomita mia moja hivi. Kupita hapo, lala huko huko.

Sasa saa ya kugeuka. Hii ni saa ambayo shughuli zote zinakoma, hata kama samaki yuko jikoni. Ipate kwa kuhesabu kinyumenyume. Tuseme boti ya mwisho kutoka kisiwani inaondoka saa kumi na moja na nusu jioni, na iliyoitangulia ni saa kumi na nusu. Lenga hiyo iliyotangulia. Lango la gati linafungwa dakika 20 kabla, kwa hiyo uwe umeshafika saa kumi na dakika kumi. Asubuhi mlitembea dakika 40 kutoka gatini hadi ufukweni. Jioni zidisha kwa moja na nusu, kwa sababu kuna jua la siku nzima, taulo zilizolowa na watoto wasiotaka kutembea. Hiyo ni saa nzima. Ongeza nusu saa ya kuoga, kulipa na kumtafuta yule mmoja ambaye hupotea kila safari. Jibu ni saa nane na dakika arobaini mchana. Watu wakisikia hivyo hulalamika, na wana haki, lakini dawa yake ni kutoka mapema asubuhi. Kusogeza saa ya kugeuka si dawa.

Kwa nini si boti ya mwisho? Kwa sababu boti nne au tano zimeleta watu kwa awamu tangu asubuhi, na sehemu kubwa yao watasimama kwenye foleni ya ile moja. Chombo kina idadi ya abiria ambayo kimeruhusiwa kubeba, na ikishafika, nahodha anayejua kazi yake anaondoka. Tiketi ya kurudi isiyoandikwa saa inakupa haki ya kupanda boti fulani siku hiyo. Haikuhakikishii hii iliyo mbele yako. Uliza siku ya kukata: nafasi yangu ya kurudi imeshikwa, au nitasubiri zamu?

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna mtego wetu wa ziada. Tiketi imeandikwa 16:30, kinywani ni saa kumi na nusu. Mtu akituma ujumbe "tukutane saa 4 gatini", mwenzake aliyeishika tiketi mkononi anasoma 4 ya alasiri, mwingine anaelewa saa nne asubuhi. Kwenye ujumbe wa kikundi andika zote mbili, "saa kumi na nusu alasiri, 16:30", na mabishano yanaisha.

Majedwali ya maji, yanayoonyesha saa za kujaa na kupwa, nayo hutumia saa 24, na hapo kuna kosa jingine. Baadhi huchapishwa kwa saa ya kawaida ya nchi mwaka mzima, bila kufuata ile saa moja inayosogezwa mbele majira ya joto. Uingereza, kwa mfano, majedwali mengi ya kuchapwa hutumia saa za Greenwich, na kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba lazima uongeze saa moja mwenyewe. Kosa la saa moja katika maji yanayojaa si dogo, kama hesabu ya hapa chini inavyoonyesha.

Kama mji wako uko kwenye bahari isiyopwa sana, kama Barcelona na sehemu kubwa ya Mediterania, ruka hadi kwenye upepo. Kwingineko, maji ndiyo ratiba yako kuu, na tiketi inafuata nyuma.

Katika pwani nyingi maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kati ya kujaa kumoja na kunakofuata kuna wastani wa saa 12 na dakika 25. Ndiyo maana kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Zidisha kwa saba upate karibu saa sita, na hapo una kanuni ya kutumia ukiwa umekaa nyumbani: Jumamosi hii maji yakipwa saa nne asubuhi, Jumamosi ijayo saa hiyo hiyo yatakuwa yamejaa, na ile ya tatu yamepwa tena. Anayekwambia "tulikwenda wiki iliyopita, pazuri sana, tulitembea hadi kule" amekupa habari ya bahari ambayo wewe hutaikuta.

Halafu angalia mwezi. Mwezi mpevu na mwezi mchanga huleta bamvua, siku moja au mbili baadaye: maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na tofauti ni ndogo. Fungu la mchanga na matembezi ya mwambani vinataka bamvua. Kuogelea na kupanda boti kwenye ngazi za gati ni rahisi zaidi siku za maji mafu. Na jambo linalosaidia sana: katika bandari moja, maji ya bamvua hupwa karibu saa zilezile mwaka mzima. Ukishajua kwamba kwenu ni saa tano asubuhi, unaweza kukisia safari za miezi sita ijayo kwa kalenda ya mwezi tu, kisha ukathibitisha kwenye jedwali.

Tufanye hesabu moja kwa ukaribu. Jedwali linasema maji yanajaa saa kumi na moja alfajiri yakiwa mita 3.4, yanapwa saa tano na dakika 12 asubuhi yakiwa mita 0.6, na kujaa tena jioni. Mita hizo hazipimwi kutoka chini ya bahari. Zinahesabiwa kutoka sifuri ya ramani za bahari, ambayo iko karibu na kupwa kwa chini kabisa. Tofauti ni mita 2.8. Gawa kwa 12, unapata sentimita 23. Mabaharia hugawa kupanda kwa maji hivi: saa ya kwanza sehemu moja ya hizo 12, ya pili sehemu mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Saa moja baada ya kupwa, maji yako mita 0.83. Saa mbili, 1.3. Saa tatu, 2.0.

Sasa una fungu la mchanga ambalo kilele chake kiko mita 1.2. Litakuwa wazi tangu saa tatu na nusu asubuhi hivi hadi saa saba mchana. Saa tatu na nusu za mchanga mkavu, si zaidi. Tazama kinachotokea baada ya hapo: saa saba na dakika 12 mnasimama kwenye maji ya sentimita 10, ya kifundoni. Saa nane na dakika 12 ni sentimita 80, kiunoni kwa mtu mzima na kifuani kwa mtoto. Watu hupoteza vitu, na vibaya zaidi hupoteza watu, katika saa hiyo ya tatu, kwa sababu saa ya kwanza maji yaliwazoesha kwamba yanakuja polepole. Tena hayaji kutoka mbele tu. Kati ya fungu na nchi kavu huwa kuna mfereji, nao hujaa kabla fungu halijaguswa. Mimi ningeagiza boti ije saa sita na nusu.

Na jedwali lenyewe ni makadirio ya mwezi na jua. Halijui hali ya hewa. Kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ikishuka kwa hektopaskali moja (kipimo chake), maji hupanda kama sentimita moja, na upepo unaosukuma kuelekea pwani huongeza zaidi. Kisiwa cha Lindisfarne, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, kinafikiwa kwa barabara inayofunikwa na bahari mara mbili kwa siku. Saa salama za kupita hutangazwa wazi, na bado magari huzama. Kando ya njia kumejengwa kibanda juu ya nguzo ili waliokwama wapande wasubiri. Kama mahali pako pana barabara ya aina hiyo, acha saa nzima ndani ya muda uliotangazwa, kwenda na kurudi. Gari usiliegeshe kwenye mchanga uliolowa, hata kama wenyeji wameegesha. Wao wanajua saa, na wana kamba.

Upepo. Nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari, hewa juu yake hupanda, na ya baharini huingia kuchukua nafasi. Siku za jua upepo huo huanza kabla ya adhuhuri, hukaza saa nane hadi kumi alasiri, na hufa jua likizama. Maana yake ni kwamba kwenda bahari ni shwari na kurudi ni kurushwarushwa. Ukikuta siku hiyo mkondo wa maji unakwenda kinyume na upepo, mawimbi huwa mafupi na yenye mgongo mkali, na chombo kidogo hupata taabu hata kama utabiri haukuonekana mbaya. Upepo wa baharini hutangazwa kwa noti, na noti moja ni kilomita 1.852 kwa saa. Kwa boti ndogo ya wazi yenye abiria wasiozoea, mimi huishia noti 15. Kuhusu mawimbi, kimo kinachotangazwa ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa zaidi, si kikomo. Ukisoma mita moja, lipo mojawapo njiani linalokaribia mbili.

Wanaolevywa na bahari wakae katikati kuelekea tezi, yaani nyuma ya chombo, watazame upeo wa macho, waiache simu. Vidonge vya dimenhydrinate humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kupanda. Mtu akishaanza kutapika vimechelewa. Huleta usingizi, kwa hiyo dereva wa kurudi hamezi.

Safari za bara zina shida chache, ila jua. Pwani inayotazama mashariki ina bahati: asubuhi unaendesha kuelekea bara jua likiwa mgongoni, jioni hivyo hivyo. Pwani inayotazama magharibi ni kinyume, jua liko usoni mara zote mbili, na jioni dereva amechoka. Huko geuka mapema, au subiri lizame. Karibu na ikweta mwanga baada ya machweo hudumu dakika ishirini na kidogo tu, basi usipange kumalizia njia ya mlimani kwa mwanga huo.

Kuna mpango mmoja ambao huonekana mzuri kwenye karatasi na mimi huukata kila ninapouona: kupiga mbizi kwa mtungi asubuhi, kisha kupanda gari kwenda vilimani kwenye baridi alasiri. Naitrojeni iliyoyeyuka mwilini ukiwa chini bado haijatoka, na ukipanda juu ambako kanieneo ni ndogo hutengeneza mapovu. Miongozo ya wapiga mbizi inataka angalau saa 12 baada ya mbizi moja na 18 baada ya mbizi kadhaa kabla ya kupanda zaidi ya mita 600 hivi, iwe kwa ndege au kwa gari. Vilima kwanza, bahari baadaye, hakuna tatizo.

Kwa hayo yote, kila safari ya bahari naiwekea mwenza wake wa bara, tayari kabisa, na njia yake imepimwa. Uamuzi unafanyika saa mbili usiku wa kuamkia safari, baada ya utabiri wa jioni: upepo ukizidi kiwango mlichokubaliana, mnakwenda bara, na hakuna kupiga kura tena asubuhi gatini. Mtu aliyebaki mjini anatumiwa ujumbe mmoja wenye mahali, jina la boti au namba ya gari, saa ya kugeuka, na saa ambayo asiposikia kitu aanze kupiga simu. Saa hiyo iwe saa moja baada ya boti ya mwisho kufika, si baada ya ile mliyolenga.