Mchango wa utafiti wa saratani ya watoto: tunayoyasema Mtwara na Lindi, na ukweli wake

"Saratani ya mtoto haina dawa, hela ya utafiti ni ya kutupa." Kauli hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, maana humkatisha mzazi tamaa kabla hajafika hospitali. Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona. Kwenye nchi maskini ni chini ya asilimia 30, kwa sababu wengi hugundulika wamechelewa, dawa hukosekana, au matibabu huachwa njiani. Na hata nchi tajiri zilianzia chini. Saratani ya damu ilikuwa ikiua karibu kila mtoto. Mwaka 1948 daktari Sidney Farber wa Boston alitangaza dawa iliyowapa watoto nafuu ya muda tu, na mwaka huohuo watu wa kawaida waliosikia habari za mtoto mmoja mgonjwa redioni wakatuma michango iliyoendeleza kazi yake.

"Hayo ni mambo ya Wazungu." Hapana, ni yetu kabisa. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji Kampala, aliona watoto wengi wenye uvimbe wa taya, saratani ambayo sasa huitwa limfoma ya Burkitt. Mwaka 1961, kwa ruzuku ndogondogo, yeye na wenzake wawili walizunguka hospitali za Afrika Mashariki na Kusini kwa gari kuukuu. Wakaona ugonjwa unaandama maeneo ya joto na mvua, yenye malaria, na kuiacha milima yenye baridi. Pwani yetu ni ya joto na malaria tunaijua. Mtoto taya likivimba, wengi huanza kwa kumng'oa jino, wakati uvimbe huo unaweza kuongezeka maradufu kwa siku chache. Mojawapo ya dawa za saratani hiyo, vinkristini, hutokana na lile ua la rangi ya waridi lenye asili ya Madagaska linalopandwa kama pambo kwenye nyua za pwani.

"Watoto wanafanywa wa majaribio." Mzazi huombwa ridhaa na anaweza kukataa. Kwa kawaida, tiba mpya hupimwa dhidi ya tiba bora iliyopo. Mtoto haachwi bila dawa.

"Kampuni za dawa zina hela, zigharamie zenyewe." Wagonjwa watoto ni wachache kuliko watu wazima, faida ni ndogo, ndiyo maana pengo hilo huzibwa na misaada.

"Muhimbili watoto wanatibiwa bure, tuchangie nini tena?" Ni kweli, taasisi ya Tumaini la Maisha inashirikiana na hospitali hiyo kuwatibu bila malipo. Lakini mama wa Newala anakaa Dar miezi, shamba la mikorosho halina mtu, wadogo zake mgonjwa wako kwa bibi. Nauli ikikata, anabaki nyumbani. Mtoto akipotea hivyo, daktari hawezi kujua kama dawa ilishindwa au nauli ndiyo iliyoshindwa, na utafiti unabaki na shimo. Kwa hiyo kikundi kikipitisha ile orodha ya majina WhatsApp baada ya malipo ya korosho, nauli ya kurudi kliniki nayo iwekewe mstari wake.